Tukinunua Otomatiki, Mkono Wangu Utakaa Wapi?

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila kwanza nivumilie nijisifu kidogo, maana mapenzi ni kikohozi na mimi nimeshindwa kukificha.

Mimi ni bibi harusi wa miezi mitatu, mwenye miaka sitini na miwili, fundi cherehani mstaafu, na mume wangu ndiye aliyenifundisha kuendesha gari, kwa sababu baada ya kukaa mjane muda mrefu nilichoka kuwaomba watoto lifti nikajiandikisha chuo cha udereva, nikamkuta mwalimu mwenye mvi zilizochanwa vizuri na shati lililopigwa pasi hadi kwenye kola, na somo la kwanza gia ilipokataa kuingia akaweka mkono wake juu ya wangu akasema, “Usiilazimishe, mama, ibembeleze,” nami nikajua hapo hapo kwamba kwenye gari lile sitoki salama. Tangu siku hiyo desturi yetu ni moja, akiendesha yeye mkono wangu unakaa juu ya wake kwenye gia, nikiendesha mimi wake unakaa juu ya wangu, tunapanda gia pamoja na kushuka pamoja, na hata tukiwa tumenuniana tangu asubuhi, tukifika gia ya tatu tumeshapatana.

Shida ni goti lake la kushoto. Klachi ya gari letu kuukuu ni ngumu kama jiwe, na kwenye foleni namwona anang'ata mdomo huku akiniambia ni uchovu tu, na daktari ameshamkataza kuikanyaga. Mwanawe wa kwanza alikuja akamwambia mezani, “Baba, goti hilo na klachi havielewani tena. Chagueni, ama otomatiki ndogo, ama nawaletea dereva.” Dereva, mshauri, yaani mtu wa tatu akae mbele na sisi tupangwe nyuma kama mizigo.

Basi tukaenda yadi ya magari. Mimi nikapenda moja jekundu, dogo, limelala chini, linang'aa kama kucha za bibi harusi, nikajiona ndani yake na miwani ya jua. Pembeni lilikuwapo jingine la kijivu, fupi lakini limeinuka kama kabati la vyombo. Mume wangu akajaribu jekundu, muuzaji kando yake, na kabla hatujafika getini mguu wake wa kushoto ukaitafuta klachi kwa mazoea, ukakutana na breki, akaizamisha hadi chini, gari likasimama ghafla na kofia ya muuzaji ikatua kwenye dashibodi.

“Mzee,” muuzaji akasema, “humu mguu wa kushoto hauna kazi.”

“Mguu huu umenisomeshea watoto,” mume wangu akajibu, “leo wewe unaustaafisha?”

Tulicheka wote, lakini kumtoa ndani ilibidi nimvute kwa mikono miwili, na jioni akaniambia kwa sauti ndogo kwamba labda dereva atafaa, yeye hafundishiki tena. Nilitaka kumtia moyo, lakini na mimi nina hofu yangu ya kipuuzi, gari lisilobadilishwa gia, mkono wangu utakaa wapi? Muuzaji ametuwekea yote mawili hadi Jumamosi. Niambie tufanyeje.

Bibi Harusi wa Gia ya Tatu

*

Bibi Harusi, hongera. Barua yako niliisoma kwa sauti ofisini na mhariri akatoka kwenda kumpigia mkewe simu. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Goti la mume linauma, nawe unalilia gia? Na huyo mwalimu, eti hafundishiki. Mkumbushe kuna mwanafunzi aliyeshindwa kuingiza gia somo la kwanza, na hakuletewa dereva. Aliambiwa abembeleze. Zamu yako imefika, bembeleza.

Jekundu liache. Gari ambalo mtu anavutwa kutoka ndani siku ya kwanza, mwakani mtaita majirani wamtoe. Miwani ya jua itakupendeza hata kwenye kabati. Kiti cha hilo la kijivu kikiwa usawa wa nyonga, mzee anageuka na kukaa, hapandi wala hatumbukii. Lakini msinunue kwa macho. Kaeni ndani wote wawili, kila mmoja asogeze kiti mwenyewe, aone mbele na nyuma bila kuvunja shingo, asome dashibodi bila kuazima miwani ya mwenzake, ausikie usukani kama ni mwepesi kwenye kona za taratibu. Kisha fundi wenu alikague na awaambie kama vipuri vyake anavipata. Akikuna kichwa, ondokeni. Jumamosi ya muuzaji si kiama.

Mkishalinunua, tafuteni uwanja mtupu, asubuhi ya mapumziko, na mwalimu ni wewe. Mguu wake wa kushoto uvutwe nyuma, kisigino kiwe karibu na kiti, ukae hapo hapo. Wa kulia peke yake ndio uhudumie mafuta na breki. Akisahau, mcheke kidogo, kisha rudieni. Barabara kubwa isubiri mpaka mguu uache kuitafuta klachi, na mwanawe aalikwe siku hiyo aketi nyuma.

Kuhusu mkono wako. Gari likitembea, mikono yake yote miwili iwe kwenye usukani, nawe tulia na wako mapajani kama mtu mzima. Lakini kwenye taa nyekundu, zamani mwalimu wako alikuwa na klachi ya kushikilia, gia ya kuandaa na goti la kuvumilia. Sasa atakanyaga breki tu, na mkono mmoja hautakuwa na kazi. Kwa foleni ulizoniandikia, mji wenu haukosi taa nyekundu.

Ikiwaka ya kijani mwachie, walio nyuma nao wana wake zao wa kuwahi.