Ng'ombe Uliyemfungua

Ndugu yangu Wanjala, mwana wa mama yangu,

Jana niliwaona kwenye runinga, yule mkubwa wenu wa chama cha Ngazi na yule wetu wa Ndoo. Walikuwa Webuye, wanalishana keki. Wenu akampangusa wetu mdomo kwa kitambaa. Wakatangaza kwamba vyama vyao sasa ni kimoja, kwa sababu eti siku zote viliamini mambo yale yale. Umati ukapiga makofi. Mimi nilitoka nje nikatema mate.

Nakuandikia kwa sababu simu yangu huishiki tangu uchaguzi ule.

Unakumbuka miwa ya Myanga? Trekta zilipanda kile kilima kwa shida, wewe ukikimbia nyuma, unachomoa muwa mmoja na kuuvunja kwa goti. Kipande cha chini, kile chenye sukari, ulinipa mimi. "Kula haraka, Nekesa, mama asione." Na siku niliyoolewa huku Kachibora ulilia nyuma ya jikoni, kisha ukaja kumwambia mume wangu mbele ya wazee, "Watoto wa huyu nitawachinjia mimi mwenyewe." Nilitembea na maneno hayo miaka yote kama mtu mwenye shamba.

Kisha tohara na uchaguzi vikaangukia mwezi mmoja wa Agosti.

Kabla ya hapo ulikuwa umeanza kunihubiria kwa simu. Ulikuwa umefanywa katibu wa Ngazi huko kwetu na ukapata neno jipya, itikadi. Nikakuuliza, itikadi gani? Ukasema Ngazi ni chama cha mkulima, Ndoo ni ya mabwenyenye wasiotaka tupate mbolea ya bei nafuu. Mgombea wetu alikuwa ametuahidi mbolea hiyo hiyo Jumamosi iliyotangulia, hapa sokoni, na kwa maneno hayo hayo. Nilipokuambia, ulikata simu.

Nilidhani ni kelele za kampeni, zitapita. Nikamtuma Wafula, kifungua mimba wangu, aje kwako na njuga zake kama kila mtoto wa Kibukusu, ili wewe mjomba, khocha wake, umchinjie ng'ombe na kumvika luliki, ule ukanda wa nyama shingoni, kesho yake asimame mbele ya kisu akijua kwa mama yake kuna watu. Mimi nilifuata nyuma na shangazi zake. Wavulana waliomsindikiza walivaa fulana za Ndoo kwa sababu zilikuwa za bure, na hakuna mwingine aliyewapa nguo mwaka huo.

Ulitoka na kisu mkononi. Ng'ombe alikuwa amefungwa tayari. Ukatazama zile fulana.

"Ati mnaniletea Ndoo kwa boma yangu? Si muende mchinjiwe na mgombea wenu, bana! Nyama yangu haivaliwi na mtu ya Ndoo."

Wafula alikuwa kifua wazi, hana rangi ya mtu yeyote mwilini. Akasema, "Khocha, lakini mimi hata sipigi kura."

Ukamfungua ng'ombe, ukamswaga kurudi malishoni. Mbele ya mtoto, Wanjala! Tukarudi Kachibora shingo yake tupu. Jirani alituhurumia akachinja mbuzi, lakini nani asiyejua kwamba mbuzi wa jirani si ng'ombe wa khocha? Wafula alisimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho. Wenzake bado wanamwita mtoto wa mbuzi.

Na sasa wanalishana keki. Wao hawakupoteza hata chembe. Wanasiasa nimewazoea, uongo ndio kazi yao na shamba lao. Kinachonitia kinyaa ni wewe, uliyeamini kwamba kati ya ndoo na ngazi kulikuwa na kitu kizito kuliko damu yetu.

Nikueleze jambo moja. Wafula amepata kitambulisho na atapiga kura kwa mara ya kwanza. Nilimuuliza atachagua chama gani. Akajibu, "Chochote kile, mradi khocha anakichukia." Nikamwambia vyama vimeungana. Akasema basi atasubiri vigombane tena. Ulipenda sana neno itikadi, kaka. Hiyo ndiyo itikadi ya mwanangu, na wewe ndiwe uliyemfundisha.

Amebaki mdogo wake, Simiyu. Agosti hii ni zamu yake, na njuga ameshaziazima. Jana, keki ikiendelea kuliwa, aliniuliza, "Mama, sasa khocha ni wa chama gani?"

Tutakuja. Hatutavaa fulana ya mtu. Kama bado una mkono ule ulionivunjia muwa, mfunge ng'ombe, na akishafungwa, usimfungue tena.

Sina salamu nyingine.

Ni mimi dada yako,
mama wa kijana uliyemrudisha shingo tupu.