Mama Nelima na Majina ya Chetambe

Mwaka umepita, Mama, tangu Jumapili ile ulipotutoka nyumbani kwako Manyatta, cherehani ikiwa bado na uzi wa buluu wa sare za shule.

Hukuwa mtu wa maneno mengi. Mtoto akiletwa hana sare, ulimpima kimya kimya, ukamwambia, "Njoo Ijumaa," na Ijumaa aliikuta imepigwa pasi. Chai yako ilijaa tangawizi hadi wageni wakatokwa na machozi, nawe ukawaongeza kikombe.

Nyanya yako Nakhungu alikuwa msichana wa miaka saba wakati jeshi la Waingereza lilipoivunja ngome ya Wabukusu kilimani Chetambe, mwaka 1895. Yeye alitoka hai. Mama yake na dada yake Nasimiyu waliuawa mle ndani. Alikusimulia wewe, nawe ukakataa habari hizo ziishie kwako. Ulipiga hodi kwa kila Mbukusu uliyemjua, kuanzia Manyatta hadi Kisian, ukiuliza swali moja: "Kwenu nani hakurudi?" Ukajaza daftari majina arobaini na moja. Na jirani yako Mama Mumbi alipokueleza jinsi babu yake alivyouawa wakati wa Hali ya Hatari ya wakoloni, ulimpa babu huyo ukurasa wake daftarini.

Siku tunayojivunia zaidi ni ile ya ibada ya kuwakumbuka waliouawa, kule kilimani Chetambe. Mwenyekiti wa ibada alisoma majina ya mashujaa watano, akamalizia, "Na wengineo." Ukainuka na mkongojo wako.

"Bwana mwenyekiti, hao wengineo wako na majina."

"Mama, jua ni kali, na wageni wako na safari."

"Basi kaeni kwa kivuli mnisikize."

Uliwasoma wote, wanawake na watoto, bila haraka. Ulipomfikia Nasimiyu ulimtaja mara moja. Kisha ukamtaja tena kwa nguvu. Wazee wakavua kofia. Mwenyekiti mwenyewe akaja kukushika mkono, akaomba daftari linakiliwe.

Mwaka huu alisoma binti yako Lornah. Hakuruka hata mmoja. Alipomaliza, mzee tusiyemjua akasimama nyuma ya umati, akasema, "Ongezeni na wa kwetu." Sasa ni arobaini na wawili, Mama.

Unakumbukwa kwa fahari na mumeo Mzee Zacchaeus Mukhwana, wanao Lornah, Wafula na Jentrix, mjukuu wako Byron, Mama Mumbi na majirani wote wa Manyatta.

Maadamu tuko hai, Mama, hutasahauliwa.