Daftari Lililorudi Kutoka Piyaya

Qurus, 9 Februari 2025

Dada Naserian,

Wape mama na baba shikamoo yangu. Hapa tu wazima, ila mama anasumbuliwa na goti. Ninyi je? Ng'ombe wamepata majani?

Kitabu cha safari yetu nimekimaliza! Eva, yule niliyekuja naye kwenu, naye kamaliza chake. Mama Marsela wa duka la vitabu Karatu atachapa kimoja tu, mwezi wa saba. Nimekisoma cha Eva. Dada, ana simba wanne kabla hata hatujafika geti la Ngorongoro! Sisi tulikuwa juu ya magunia ya mahindi kwenye lori la Simon, ukungu mtupu, tukaona punda mmoja, tena wa mtu. Mimi nimeandika ukungu na punda. Mwalimu alisema anayeandika safari asidanganye.

Nimeandika pia kaka yako Lesiamon alivyotupokea barabarani, akabeba begi langu na kuuliza, "Umehama na mawe ya kwenu?" Mwambie yumo kitabuni. Na mama asisahau: alisema kikombe changu hakuna mwingine atakayekinywea mpaka nirudi Desemba.

Mdogo wako,
Dorkasi

Piyaya, 16 Machi 2025

Mdogo wangu Dorkasi,

Goti la mama linaendeleaje? Sisi tupo, hatuwezi kusema wazima. Yule aliyekubebea begi hatunaye. Alianguka na pikipiki korongoni, wiki mbili sasa. Mama hali chakula. Nashindwa kuendelea, na Simon anapiga honi.

Dada yako,
Naserian

Qurus, 6 Aprili 2025

Dada yangu Naserian,

Poleni sana. Sijui niulize vipi hali zenu. Mimi na mama tumelia. Jumapili Padri alimtaja Lesiamon kwenye misa. Kwetu mtu akifa tunamtaja, asije akasahaulika.

Kitabu nimekiandika upya. Sasa kinaitwa Safari ya kwa Lesiamon, na kila sura inaanza na jina lake. Nampa Simon daftari lenyewe, sina nakala. Msomee mama. Cha Eva hakimtaji popote, kinasema tu "wenyeji walitupokea". Sijui mtu anakunywaje maziwa ya watu halafu asiwakumbuke.

Mdogo wako,
Dorkasi

Piyaya, 25 Mei 2025

Dorkasi,

Natumaini mko salama.

Daftari lilipofika nilikuwa nimeenda kuchota maji. Mdogo wangu Nailantei aliona mwandiko wako, akafurahi, akaanza kumsomea mama kwa sauti mbele ya wageni. Hakufika mstari wa pili. Mama alipiga ukelele kama ule wa siku ya korongo.

Kwetu aliyekufa hatumwiti tena jina lake. Hata mtoto wa jirani aliyekuwa na jina hilo sasa anaitwa Supeet. Miaka minne shuleni tulilala kitanda kimoja, wewe juu mimi chini, na sikukuambia, kwa sababu hakuna aliyekuwa amekufa.

Kitabu cha Eva kilikuja na lori hilo hilo. Mama aliomba arudiwe pale pa simba. Alicheka kidogo.

Baba amesema daftari lisilale hapa. Nalirudisha. Desemba usije.

Naserian

Qurus, 3 Agosti 2025

Dada Naserian,

Habari za huko? Mama anaweza kula? Goti la mama yangu limepona.

Barua zangu tatu Simon amerudi nazo. Anasema anapiga honi pale pale, na hakuna anayekuja barabarani. Labda hii nayo itarudi.

Nimelifuta lile jina kote, kwa raba. Karatasi zimetoboka. Ukiinua ukurasa dirishani, unaona ua wetu na kuku. Nilijaribu kusoma kilichobaki, lakini safari haifiki kwa mtu yeyote. Nimeliweka daftari juu ya dari, kwenye mbegu za maharage.

Mama Marsela amechapa cha Eva. Kinauzwa hadi kwenye hoteli za watalii, na sasa atakichapa tena. Jana Eva alikuja hapa, akataka kuwashukuru watu kwenye ukurasa wa kwanza. Akaniuliza, "Hivi yule kaka aliyekubebea begi, aliitwa nani vile? Wewe si uliandika kila kitu?"

Nikamwambia nimesahau.

Mdogo wako,
Dorkasi