Kipande Nilichokitoa Kwenye Amplifaya

Mbeya, Juni 1956

Dada yangu mpendwa Skolastika,

Kamwene. Kamwene na wapwa zangu, kamwene baba na mama hapo mlipoketi, maana najua barua ikifika nyumbani haiwi ya mtu mmoja. Mmeamkaje? Baridi ya huko Kalenga imeanza kuuma? Mguu wa mama unaendeleaje? Hapa kwetu wingu haliondoki mlimani mpaka saa nne, na maji ya kunawa asubuhi yanachoma vidole. Mimi mwili ni mzima. Nikisema nina amani pia nitakuwa nimeongeza uongo juu ya uongo, na uongo wangu umeshatosha.

Mwalimu Katekista, shikamoo. Najua ni wewe unayewasomea, kama ulivyowasomea ile barua ya kwanza. Nakuomba usome kila neno kama lilivyo. Ukifika mahali ukaona aibu kwa ajili yangu, usiruke wala usipunguze sauti. Ile ya kwanza ilisomwa uani, baba akisikia na majirani wakisikia. Hii nayo waisikie hao hao.

Dada, niliandika kwamba mumeo, shemeji Gaspari, aliumia mkono kwa sababu aligusa mashine ya gita ikiwa inawaka, na kwamba mimi nilikuwa nimemkataza. Si kweli. Mashine ilikuwa imezimwa, na mimi ndiye niliyemwambia aishike.

Nieleze tangu mwanzo, ili usije ukadhani najitetea tena. Tajiri wangu, yule Mhindi mwenye duka la redio ninakofanya kazi, alipata sanduku kutoka Uingereza. Aliyeliagiza alihama kabla halijafika. Ndani hamkuwa na mashine iliyokamilika, mlikuwa na vipande vyake tu: bati lenye matundu, waya, spika, transfoma nzito kama jiwe la kusagia, valvu za kioo zimefungwa kwenye karatasi kama mayai, na vijipande vidogo vya rangi rangi kwenye bahasha. Palikuwa na kitabu cha Kiingereza chenye michoro. Ukiviunga vyote kwa mpango wake unapata amplifaya, mashine ya kukuza sauti ya gita mpaka ukumbi mzima usikie.

Tajiri akaniambia, "Wewe jenga hii, Vitalisi. Kama nalia mzuri, chukua pigia dansi na shemeji yako."

Gaspari alifurahi kuliko mimi. Unajua mchana ni seremala kwenye nyumba za serikali zinazojengwa huku, na Jumamosi anapiga gita na wenzake. Walikuwa na shida moja, watu wakianza kucheza, vishindo vya miguu vinalimeza gita lote, wanaosikia ni wale wa mbele tu. Akasema, "Mlamu, safari hii hata wanaokunywa nje watasikia." Akaokota mabaki ya mbao za mninga kazini, akaomba ruhusa, akaanza kutengeneza kabati la kuiweka mashine. Hakutumia msumari hata mmoja. Kila jioni alikuja dukani na ubao wake chini ya kwapa, anapiga msasa huku mimi nalehemu, chuma changu kikipata moto kwenye jiko la mkaa. Siku hizo zilikuwa nzuri, dada. Nazikumbuka na roho inauma.

Sasa unanijua. Tangu tukiwa wadogo mimi ni mtu wa "najua". Karani wa duka anasoma Kiingereza vizuri, akaniambia, "Lete hicho kitabu nikutafsirie." Nikamjibu kwamba mimi pia nimesoma. Ukweli ni kwamba nilifuata picha. Maneno nilijua moja kati ya matatu. Palikuwa na ukurasa mmoja wenye maneno machache yaliyozungushiwa mstari mwekundu. Niliyatazama, nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, karani akiniona, nikafungua ukurasa mwingine.

Pamoja na hayo nilijenga, na siku nilipowasha ikalia. Tulikuwa tumefunga sumaku ya kunasia sauti chini ya nyuzi za gita la Gaspari. Akagusa uzi mmoja, watu wakasimama barabarani kutazama dukani. Karani alinipa mkono. Mimi nikavimba kichwa.

Baada ya wiki moja ikaja redio ya mwalimu mmoja wa shule, imekufa kwa sababu ya kijipande kimoja kilichoungua. Dukani hatukuwa nacho, na tajiri alikuwa ameahidi kwamba itakuwa tayari siku ile. Nikakumbuka kwamba kwenye amplifaya kuna kipande kama hicho, kimekaa peke yake juu ya kondensa, yaani ule mkebe unaotunza umeme. Nikakitoa. Nikawasha amplifaya kuona itafanya nini. Ikalia vilevile, hakuna tofauti hata kidogo. Nikajiambia Wazungu nao wanapenda kujaza vitu visivyo na kazi. Kipande kikaenda kwenye redio ya mwalimu, mwalimu akashukuru.

Kumbe kazi ya kipande kile ni pale mashine inapozimwa. Kinautoa umeme uliobaki kwenye kondensa polepole mpaka uishe. Valvu zikiwa mahali pake nazo zinaunywa ule umeme, ndiyo maana mimi sikuwahi kuumwa. Zikitolewa, na kipande hakipo, umeme unakaa ndani kama siafu ndani ya gogo, unangoja mkono. Hayo ndiyo yaliyokuwa yameandikwa ndani ya mstari mwekundu. Karani amenisomea baadaye.

Siku ile Gaspari alileta kabati limekamilika. Nilikuwa nimezitoa valvu kubwa zisivunjike, nikawasha kidogo kupima umeme, nikazima, nikachomoa waya. Bati lilikuwa limelala chali, matumbo yote nje. Gaspari akauliza kama alivyouliza siku zote, maana ni mtu mwangalifu kuliko mimi, "Mlamu, umeme umetoka?"

Nilikuwa nimempa mgongo, namwonyesha mteja redio mpya. Nikasema, "Umetoka wote. Shika tu."

Akashika. Sikusikia kelele, nilisikia kioo. Mkono wake wa kushoto ulirushwa nyuma ukapita kwenye kioo cha kabati la duka. Nilipogeuka alikuwa amekaa chini anautazama mkono kama si wake. Hospitali walimshona vizuri, lakini mishipa ya vidole viwili ilikatika, na daktari amesema havitakunjika tena. Patasi anaishika kwa shida. Gita halishiki kabisa.

Dada, hapo ningesema ukweli ingekuwa ajali ya mjinga. Nilichofanya baada ya hapo ndicho kinachonila. Vipuri vilikuwa vimeshafika. Kipande kipya kama kile nilichokitoa kilikuwa kwenye droo yangu siku nane, sikukirudisha kwa sababu niliona hakina kazi. Gaspari akiwa bado anashonwa, mimi nilirudi dukani, nikafunga mlango, nikakilehemu mahali pake. Damu ya shemeji yangu ilikuwa bado haijafutwa sakafuni. Tajiri alipokuja kukagua na karani akiwa na kitabu, walikuta kila kitu kama mchoro unavyosema. Tajiri akasema, "Basi huyu nashika wakati moto bado nawaka." Akanitazama. Nikasema ndiyo, na nilikuwa nimemkataza.

Jioni ile ile nikawaandikia ninyi. Niliandika haraka kwa kuwa nilitaka ifike ya kwangu kwanza.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia mikononi mwangu mwenyewe. Barua yako uliyomwandikisha Mwalimu ilifika kwa jina la Gaspari. Yeye hajui kusoma, na hapa chumbani anayemsomea ni mimi. Alikuwa amekaa kitandani, mkono umefungwa kitambaa. Nikafungua, nikasoma. Nilisoma kwa mdomo wangu huu kwamba umefunga nyumba yake na kurudi kwa baba. Kwamba mwanaume anayekatazwa moto akaushika kwa ajili ya gita, kesho atakuachia yatima. Kwamba baba amesema asikanyage hapo mpaka aitwe. Nilitafuta mahali pa kuruka, nikashindwa, kwa kuwa alikuwa ananitazama midomo.

Nilipomaliza nilidhani atanipiga, na ningefurahi. Aliutazama mkono wake uliofungwa. Halafu akasema, "Soma tena pale pa Desideri."

Nikasoma tena pale ulipoandika kwamba mtoto wenu Desideri ameanza kutembea, ametoka jikoni mpaka mlangoni bila kushikwa. Akanifanya nisome mara tatu.

Nikamwambia, "Gaspari, naandika leo ukweli wote."

Akasema, "Usiandike. Mimi ni mume tu, mume hugombwa akazoea. Wewe mke wangu akikuchukia, kaka mwingine atampata wapi? Acha. Atapoa."

Hivyo ndivyo huyo mtu unayemwita mzembe alivyosema. Na mimi, dada, nilikubali. Nilifurahi moyoni kwamba ameniruhusu. Hilo linaniaibisha kuliko hata ule uongo.

Nikakaa kimya wiki tatu. Jumamosi iliyopita mchana amplifaya ilipelekwa kwenye harusi. Alipiga kijana mwingine, kwa gita la Gaspari. Ililia kweli, mpaka waliokuwa wanakaanga nyama nyuma ya nyumba walikuja mbele na vijiko mkononi. Watu waliniinua juu, wakaniita fundi, baba wa bibi harusi akanipa kuku. Gaspari alikuwa kwenye benchi. Nilimwona vidole vya mkono wa kushoto vinajaribu kufuata wimbo juu ya goti, vitatu vinakwenda, viwili vimesimama. Nilipomkaribia akaniambia, bila kejeli yoyote, "Mlamu, umeweza." Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, nikamwacha kuku akatoroka.

Jumatatu nilimwambia tajiri kila kitu, mbele ya karani. Alinifokea asubuhi nzima, na nilistahili. Amenirudisha kufagia na kubeba mizigo, chuma cha kulehemu sigusi mpaka atakapoona mwenyewe. Sikulalamika. Gaspari sikumwambia ninachoandika kwenye barua hii.

Sasa naomba haya. Kwako dada, usinisamehe haraka kwa sababu mimi ni mdogo wako. Kasirika unavyotaka, hata mwaka, lakini hasira ile uliyompa mumeo mwondolee yote, uniletee mimi. Rudi nyumbani kwako, ufungue madirisha, uwashe moto. Vidole vyake sina namna ya kuvirudisha. Nikipata ruhusa nitakuja kukaa mbele ya baba, anihukumu apendavyo, na nitalima shamba lenu msimu huu badala yake, kila tuta mpaka mwisho. Baba na mama, mlimlaumu mkwe wenu kwa neno la mtoto wenu. Kosa si lenu, mlimwamini mtoto.

Nisalimieni shangazi anayetunza nyuki, mjomba fundi cherehani, na yule mzee jirani yetu aliyesema mbele ya watu kwamba Gaspari ameponzwa na anasa. Mzee shikamoo, sina ubaya na wewe, uliyasema kwa sababu yangu. Wapwa zangu wakubwa waambieni baba yao hakukaidi kitu. Huyo Desideri mbusuni.

Barua hii haikuja kwa posta. Ameibeba Gaspari mwenyewe kwenye mfuko wa koti. Kazi ya useremala wamemwachisha, anarudi nyumbani bila kuitwa kwa sababu amechoka kumwona mtoto kwenye karatasi. Basi litamshusha Ipogolo, na kutoka hapo atakuja kwa miguu. Aliniuliza nimeandika nini kirefu hivi. Nikamwambia ni salamu, maana angejua asingeibeba. Gaspari, unaposikia haya usimkatize Mwalimu, mwache amalize.

Nami namjua. Wakati mnasikiliza, atakuwa amekaa karibu na mlango, kofia magotini, kama mtu asiyejua kama ataambiwa akae. Baba, nakuomba umwambie asogee ndani.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,
Vitalisi