Mananasi ya Matulo Huku Kitale

Mama,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mgongo wako unaendeleaje? Na Baba, kikohozi kimepungua ama bado anavuta ile tumbaku ya Malakisi? Sisi ni wazima na watoto wanakula vizuri. Ila mimi nimejaa hasira, na nakuandikia kabla sijatulia, maana nikitulia sitasema. Hii barua isome mwenyewe, darasa la ngumbaru hukuenda bure. Usimpe Baba, atacheka.

Ni juu ya yale machipukizi ya mananasi uliyonifungia kwa gunia nikiondoka Matulo. Unajua huyu mume wangu Wafula aliniachia kipande kidogo nyuma ya nyumba. Hicho tu ndicho changu, kwingine kote ni mahindi yake. Nilipanda machipukizi ishirini na mawili vile ulinionyesha: pahali pa jua, pasiposimama maji, na udongo usiingie katikati ya majani yasije yakaoza. Moja lilikosa nafasi, nikalichomeka nyuma ya jiko nikalisahau huko.

Mwaka wa kwanza, majani. Wa pili, majani. Wafula akaanza maneno. "Mama Nekesa, kwani unalima makonge?" Akipata wageni anawapeleka kuona ati shamba la miiba. Nikamwambia huku ni baridi, yanachelewa, ngoja. Akasema, "Kitale ni ya mahindi. Mvua ikikaribia nang'oa." Nilidhani ni mdomo tu.

Juzijuzi natoka mkutano wa akina mama kanisani, nakuta amelima kipande chote. Mananasi yangu yote yamelala kando ya ua, mizizi juu. Yeye anapangusa jembe, ati, "Sasa utapata chakula." Mama, nilikaa chini hapo hapo nikalia. Kisha nikaanza kuyaokota moja moja, na katika manne nikaona katikati pamekuwa pekundu. Pekundu, Mama! Yalikuwa yanataka kuzaa! Nikamwita aje aone. Aliangalia, akakohoa, akaenda kufunga ng'ombe.

Ndipo nikakumbuka lile la nyuma ya jiko. Nikasogeza kuni nilizokuwa nimerundika mbele yake, na hapo palikuwa na nanasi zima, kubwa kushinda ngumi yangu. Udongo ni ule ule na baridi ni ile ile. Kitu lilichopata hilo peke yake ni moshi wa kuni zangu mbichi, kila siku.

Sasa nauliza. Wewe ulikuwa unachoma majani mabichi kando ya mananasi, moshi unayapitia, sisi tunatokwa machozi. Ulituambia unafukuza mbu. Mbu gani, Mama? Kwa nini hukuniambia? Miaka miwili nachekwa na mwanamume kwa sababu ya kitu ulichokuwa unajua! Ama hata wewe ulikuwa unafukuza mbu tu? Niandikie yote: moshi unaanza lini, siku ngapi, mwingi ama kidogo. Usiseme nije unionyeshe. Nimechoka kuonyeshwa, nataka kuambiwa.

Wafula naye amebadilika. Wageni sasa wanapelekwa nyuma ya jiko, ati, "Njooni muone nanasi letu." Letu! Ameniahidi kwamba likiiva atanirudishia kipande changu, mahindi yakishavunwa. Mimi sikungoja. Yale aliyong'oa nimeyapanda tena, pande zote mbili za njia ya choo. Njia yenyewe ni nyembamba, na unajua ile miiba. Jana asubuhi alirudi miguu imekwaruzwa na suruali imechanika. Nilimpa sindano na uzi.

Nisalimie Baba, na shangazi aliyenifundisha kushona, na ndugu yangu mwalimu aliye Naitiri. Mwambie nangoja barua yake tangu Krismasi.

Wafula yuko hapa mlangoni, anasema nikuandikie asante kwa nanasi letu. Nimeandika vile amesema. Likiiva nitalikata mwenyewe nile na watoto. Yeye nitampa kile kichwa cha majani, akipande mwenyewe, katikati ya mahindi yake.

Ni mimi binti yako, bado nimekasirika,
Nasimiyu