Duara la Kijani Kule Goba

Tabata, Dar es Salaam
14 Septemba 1975

Kwa dada yangu Eufrazia,

Shikamoo dada. Goti limepoa? Sie huku wazima wa mwili. Wifi yako Sesilia anakusalimu, anasema zile korosho ziliisha kabla majirani hawajasikia harufu. Nakuomba barua hii uisome umekaa, na shemeji awe karibu.

Uliniuliza kazi yangu mpya. Nilitolewa kwenye kuchora ramani, nikapelekwa kwa Ndugu Adelard, mtaalamu wa mambo ya kale. Anatafuta vijiji vya wafua chuma walioishi kabla ya babu wa babu zetu, ambavyo sasa vimefukiwa na udongo. Na tunavitafuta kutoka angani, dada. Ndege inapiga picha wakati wa kiangazi, nasi tunazikagua mezani kwa kioo cha kukuzia. Palipokuwa na shimo zamani, udongo hushika maji, na majani yake hubaki ya kijani wakati kwingine kote yamekauka. Halafu tunakwenda na mashine, tunachomeka vyuma ardhini na kupitisha umeme, na sindano inatuonyesha wapi pana unyevu na wapi ni pakavu. Ndipo tunachimba.

Mwezi wa saba zikaja picha za Goba, nikaukuta mlima wetu. Tangu watu wahamie kijiji cha ujamaa, pale ni mahame, hata nyumba ya baba imeanguka. Kwenye picha nikaona maduara matano makubwa ya kijani, na moja dogo pembeni. Nilijivuna sana. Nikamwambia Ndugu Adelard kwamba mie ni mtoto wa pale, napajua kama kiganja changu. Makubwa yalikuwa ya kweli, tulitoa mavi ya chuma na vigae. Lile dogo yeye alitaka tuliache. Mie ndiye niliyeng'ang'ania, na mashine ikanikubalia.

Tulikuta mtungi wa kufinyanga kwa mkono umefunikwa kifudifudi, na chini yake mifupa midogo sana. Ndugu Adelard alifurahi mpaka akakaa chini. Alisema ni mtoto wa watu wa kale, miaka elfu na zaidi. Akanishika mkono mbele ya wenzangu, akaahidi kunipendekeza nikasome. Mifupa ikatiwa kwenye boksi, na namba nikaiandika mwenyewe, kumi na nne.

Baadaye nilikuwa peke yangu nasafisha mtungi, kikadondoka kitu. Ilikuwa medali ya Bikira Maria, imetobolewa tundu kwa msumari.

Ni ile yako ya komunio ya kwanza, dada. Baba ndiye aliyeitoboa, kile kipete chake cha kupitishia uzi kilipokatika. Ni ile uliyonisingizia miaka kumi na miwili kwamba niliiba nikabadilishana na gololi. Marehemu mama alikuwa akitusikia tunagombana, ananyamaza. Sikujua alikuwa amebeba nini.

Mtoto wako alipofariki, siku ya nane, kabla ya ubatizo, wewe ulikuwa hospitali hujitambui kwa homa. Kina mama wakamzika kama walivyofundishwa: mtoto mchanga hazikwi na wanaume wala hawekewi alama, hulazwa nyuma ya bafu penye unyevu ili tumbo la mama yake lisikauke. Ulipouliza alikozikwa ukaambiwa hayo hayaulizwi, mama akaondoka na siri hiyo, na wewe kila barua unaniuliza kama wazee wa Goba wamesema lolote.

Mie niliogea pale utoto wangu wote. Nilipaswa kujua kwa nini majani ya pale ni ya kijani. Nimejifunza kusoma nchi kutoka angani, nikasahau bafu la kwetu.

Kuna baya kuliko hilo, na ndilo ninalokuandikia. Medali niliitia mfukoni, nikanyamaza wiki tatu. Niliyataka yale masomo. Mwanao alikaa kabatini nyuma ya kiti changu, nami nikawa nakula chakula cha mchana palepale. Majuto ni mjukuu, dada, na wangu ameshakuja.

Juzi nikashindwa kuvumilia, nikaiweka medali mezani kwa Ndugu Adelard na kumweleza yote. Akaniuliza jina la mtoto. Nikamjibu silijui. Akaikata namba kumi na nne kwenye daftari, akanikabidhi boksi kwa mikono miwili. Habari za masomo hakuna aliyezitaja.

Sasa yuko hapa kwetu, Sesilia amemfunika kwa kanga yake mpya. Shimo la Goba bado liko wazi, na ningeweza kumrudisha mwenyewe. Lakini mie mwanamume, na safari hii sitaki azikwe bila wewe. Kwa hiyo medali sikuitia humu, utakuja umwekee mwenyewe. Nakumbuka ulikuwa umemchagulia jina na hukumwambia mtu. Njoo nalo.

Nisalimie shemeji na wapwa zangu. Ukipata basi tuandikie siku, tutakupokea.

Ni mimi mdogo wako, ambaye medali yako niliiiba mara moja tu, mwaka huu,

Albano