Kendi, Usiogope Jino la Zirkonia

Kanyakine

Mjukuu wangu Kendi,

Hapa nyumbani tuko salama. Majani chai yamechipuka, na mama yako amepona kikohozi. Umeniuliza kama uogope jino la zirkonia, lile la kauri ngumu, ambalo daktari anataka kukuwekea.

Nikiwa msichana, jino langu la mbele lilivunjika nikitafuna muwa, nikavalishwa la chuma. Ufizi ukawa mweusi, nami nikawa nafunika mdomo nikicheka. Babu yako alipokuja kunichumbia, sikutabasamu hata mara moja. Akaondoka akiamini simtaki. Dada yangu alimkimbilia barabarani, akamwambia, "Anakupenda. Ni jino tu linalomwaibisha."

Tulioana, lakini mkono haukutoka mdomoni.

Mwaka jana jino hilo liling'olewa, nikawekewa la zirkonia, jeupe kama mengine. Mzizi wake wa bandia, uliopandwa kwenye taya, ulikaa miezi kadhaa ukishikana na mfupa. Daktari alisema halishiki kutu, ila nisitafune mifupa nalo, lisije likapasuka. Ufizi umepona kabisa.

Juzi babu yako alinitania, nikacheka mdomo wazi. Akanitazama sana.

"Kumbe ndivyo unavyocheka," akasema.

Nenda kwa daktari, mwanangu.

Nyanya yako